Kabla droni haijapanda juu ya Nyalukemba: historia fupi ya filamu za kututangaza



Kila mwaka matokeo ya Egzetat yakitoka, simu zetu zinajaa video. Munazijua. Droni inapanda juu ya ziwa, inazunguka La Botte, inashuka polepole kwenye jengo lenye rangi mpya. Binti mwenye bluzi nyeupe anaangalia ndani ya mikroskopu. Vijana wanne wanatembea na vitabu mkononi wakicheka, na sijui kwa nini kila mara ni wanne. Muziki unapanda, halafu inatokea namba ya simu na maneno "Inskripsio zimefunguliwa".

Mwaka huu ofisi moja ya chuo kikuu, hapa kwetu Nyalukemba, iliniomba niwatengenezee video ya namna hiyo. Ofisi yenyewe kazi yake ni kupokea wanafunzi wapya na kuwaelekeza. Sitaitaja jina, haiko lazima kwa maneno ninayotaka kusema. Mimi ni mtu wa agronomia, si mtu wa sinema. Kamera niliizoea shambani wakati wa memwari, nikipiga picha za migomba yenye mnyauko, wiki kwa wiki, mpaka wenye mashamba wakaanza kuniita "yule wa picha". Njo maana waliniita.

Lakini kabla ya kushika kamera nilitaka kujua kitu kimoja: nani alianza kutengeneza filamu za kututangaza huku kwetu, na alikuwa anatangaza nini? Nilifikiri jibu litaingia kwenye ukurasa mmoja. Nilikuta historia ya karibu miaka mia. Ninaiandika hapa juu wengi wetu, tukiwa na diplome mkononi na bila kazi, tunaishi siku hizi kwa kutengeneza video, afishi na matangazo ya watu wengine. Ni vizuri tujue kazi hii imetoka wapi.

1. Video ya ofisi, mwaka wa 1935

Tuanze kwa majirani. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri, kwenye milima ya Usambara, Tanganyika, kulikuwa na mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Pesa kubwa ilitoka kwa Carnegie Corporation ya Marekani, na mradi ulikuwa chini ya Baraza la Kimataifa la Wamisionari. Waliouongoza ni watu wawili: Major Leslie Notcutt, aliyekuwa amesimamia mashamba makubwa huku Afrika ya Mashariki, na Geoffrey Latham, aliyekuwa ameongoza elimu ya Waafrika huko Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Kwa miaka hiyo michache walitengeneza filamu kama 35, wakiwatumia Waafrika kama waigizaji. Sauti haikuwa ndani ya filamu: ilirekodiwa pembeni, kwenye sahani za gramafoni, kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwemo. Halafu walizunguka na mashine yao Tanganyika, Kenya, Uganda, Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland.

Mada nyingi zilikuwa zile za idara za serikali: afya, kodi, mifugo, kilimo. Walionyesha mmomonyoko wa udongo, mbegu bora, uuzaji wa kahawa. Filamu moja ilihusu mashamba ya Kingolwira, karibu na Morogoro. Ni kama mpango wa masomo wa fakulte yetu.

Filamu moja ilinisimamisha. Iliitwa "Post Office Savings Bank", yaani benki ya akiba ya posta. Hadithi yake ni fupi: mtu mmoja anaficha pesa zake ndani ya nyumba, mwizi anazichukua; mwingine anazipeleka posta, zinabaki salama. Munaona? Hiyo ni video ya kutangaza ofisi, miaka mingi kabla sisi hatujazaliwa. Na senario yake ni ileile tunayotumia mpaka leo: asiyekuja kwetu anapotea, aliyekuja anaokoka. Badilisha posta uweke chuo kikuu, badilisha mwizi uweke shomaji, umekwisha pata tangazo lako la mwaka huu.

Mradi ule ulikufa 1937. Pesa za Wamarekani ziliisha na serikali za kikoloni hazikutaka kuendelea kulipa. Lakini wazo lilibaki, na Waingereza waliunda kitengo chao cha filamu za makoloni mwaka wa 1939. Kwetu upande wa Wabelgiji mambo yalikuwa yanaenda kwa njia yao.

2. Kivu iliyopigwa picha kama shamba lisilo na mwenyewe

Mji wetu ulipewa jina la Costermansville mwaka wa 1927, na ni katika miaka ya 1950 ndipo ulirudishiwa jina la Bukavu. Jina la Nyalukemba lenyewe ni la zamani kuliko Costermansville. Kwenye habari za vita vya kwanza vya dunia, wakati majeshi ya Wabelgiji yalipokuwa yanajiandaa kuvuka kuelekea Rwanda mwaka wa 1916, mahali hapa panaandikwa "Nya-Lukemba".

Mwaka uleule wa 1927 Mbelgiji mmoja, Ernest Genval, alitoa filamu yenye jina "Le Congo qui s'éveille", yaani Kongo inayoamka. Genval alikuwa amezunguka koloni akipiga picha za migodi, reli, mashamba na viwanda, na makampuni yalikuwa na sehemu kubwa katika kazi hiyo. Hapo biashara ya filamu za kutangaza Kongo ilikwisha pata sura: wanaoonyeshwa wako huku, wanaolipa na wanaotazama wako Ulaya.

Mwaka uliofuata, 1928, ikaundwa Comité National du Kivu, ile CNKi ambayo wazee bado wanaitaja. Ilipewa mamlaka juu ya ardhi kubwa sana ili iwaweke humo walowezi wa Kizungu. Na ili walowezi waje, Kivu ilibidi itangazwe. Ndipo tukasikia habari za "Uswisi ya Afrika": baridi nzuri, ziwa la buluu, milima ya kijani, na hasa udongo wenye rutuba unaongoja mtu.

Hapa ninaomba musikilize kidogo mtu wa agronomia. Sheria ya kikoloni, tangu 1885, ilisema ardhi "tupu" ni ya Dola. Lakini huku Bushi ardhi haikuwa tupu. Kulikuwa na kalinzi: mtu anatoa ng'ombe kwa mwami au kwa mkubwa wa mahali, anapata haki juu ya ardhi, na haki ile inarithiwa na watoto wake. Kulikuwa pia na mashamba yaliyopumzishwa ili udongo upate nguvu tena, na malisho ya ng'ombe. Sasa weka kamera juu ya kilima. Itaona nini? Majani. Kamera haioni kalinzi. Haioni ng'ombe aliyetolewa na babu wa mtu. Shamba lililopumzishwa na pori lisilo na mwenyewe, ndani ya picha vyote viwili ni kijani kilekile.

Ninasema hivi juu nimesikia watu wakidai kwamba picha haidanganyi. Picha ya kilima ilikuwa ya kweli. Udongo ulikuwa mzuri kweli. Uongo ulikuwa katika kile ambacho picha haiwezi kukionyesha, na hakuna aliyesimama pembeni kukisema.

3. Mulungu, Lwiro, na mapadri wenye kamera

Wote tuliosoma agronomia tunajua INEAC, iliyoanzishwa 1933 na makao yake Yangambi, na kituo chake cha huku kwetu, Mulungu, ambacho leo ni INERA. Kahawa, chai, kinkina: mengi ya vitabu vyetu yalianzia kwenye viwanja vile. Tunajua pia Lwiro, iliyo zaidi ya kilometa 40 kutoka mjini. Pale ndipo IRSAC, ile taasisi ya utafiti iliyoundwa 1947, iliweka makao yake chini ya Louis van den Berghe. Leo ni CRSN. Ukiingia Lwiro mara ya kwanza unashangaa: majengo makubwa ya mawe, bustani, maktaba. Ni majengo yaliyojengwa pia ili yaonekane.

Miaka ile Ubelgiji ilikuwa na mpango wa miaka kumi, 1949 mpaka 1959, na ilitaka dunia nzima iuone. Mwaka wa 1950 likaundwa shirika la habari na nyaraka la koloni, ambalo baadaye liliitwa Inforcongo. Kazi yake ilikuwa picha na filamu: hospitali safi, shule yenye mistari ya watoto, maabara, matuta ya kuzuia mmomonyoko kwenye milima. Yote haya yalikuwepo. Mimi sikatai. Matuta mengine unaweza kuona alama zake mpaka leo ukipanda Kabare.

Lakini matuta yale yalichimbwaje? Sheria ya 1933 iliruhusu kuwalazimisha wakulima kufanya kazi za kilimo mpaka siku 60 kwa mwaka. Wakati wa vita, 1942, zikawa 120. Asiyefanya, faini au jela. Huku Kivu kazi za kupambana na mmomonyoko ziliendeshwa kwa amri, na uhuru ulipofika, watu katika sehemu nyingi waliacha kuyatunza matuta. Wataalamu waliofuata waliandika kwamba mkulima hapendi kuhifadhi udongo. Sisi wenyewe tuliambiwa hivyo ndani ya oditwari. Ukweli ni kwamba mkulima alikumbuka nani alimchimbisha, na kwa nini. Filamu ilionyesha tuta. Ile amri nyuma ya tuta haikuonekana.

Halafu kuna jambo ambalo vijana wengi wa Bukavu hawalijui: mji wetu ulikuwa mmoja wa miji mitatu ya sinema ya wamisionari nchini Kongo. Léopoldville alikuwepo padri Alexandre Van den Heuvel, aliyefanya filamu za katuni za Mboloko, yule swala mjanja. Luluabourg, yaani Kananga, alikuwepo padri Albert Van Haelst na wachekeshaji wake Matamata na Pilipili. Na hapa Bukavu, padri Roger De Vloo wa Mapadri Weupe aliendesha Africa Films. Yaani kabla ya studio zenu zote za Nguba na Kadutu, kabla ya droni na simu, kulikuwa na watu waliokuwa wanaandika senario, wanachagua waigizaji na kufanya montaji katika mji huu.

Filamu zile zilikuwa za mafundisho na za kuchekesha, zilizotengenezwa kwa ajili ya Wakongo. Na hapo kuna ubaguzi ambao lazima tuutaje. Tangu 1936 mtu hakuweza kupiga filamu Kongo bila ruhusa ya serikali. Mwaka wa 1945 ikaongezwa kwamba Mkongo asiangalie filamu ambayo haijapitishwa na tume. Kwa hiyo kulikuwa na filamu za kutangaza Kongo kwa Wazungu, na filamu nyepesi kwa Wakongo, polepole, maana wakubwa waliamini Mwafrika hawezi kufuata hadithi yenye kwenda mbele na kurudi nyuma. Bibi zetu, waliokuwa wanafuata hadithi ya sungura usiku mzima, yenye nyimbo katikati, na wanarudi palepale walipoachia!

4. Chuo kikuu nacho kikawa picha

Lovanium ilifungua milango 1954, juu ya kilima nje ya Léopoldville. Chuo rasmi cha Elisabethville kilifuata 1956. Kwa koloni lililokuwa limekaa miaka zaidi ya arobaini bila kumpeleka Mkongo chuo kikuu, Lovanium ilikuwa pia jibu kwa dunia: tazameni, tunawasomesha. Na mwaka wa 1959 ikawashwa pale reakta ya nyuklia, TRICO, ya kwanza barani Afrika. Hebu fikirini picha ile: atomu, Kongo, 1959. Mwaka uliofuata nchi ilipata uhuru, na Wakongo wenye diplome ya chuo kikuu walikuwa wa kuhesabika kwa makumi tu. Reakta ilikuwepo, lakini watu wa kuongoza wizara hawakutosha.

Sisi wa agronomia tunaweza kuongeza mtu mmoja ambaye angestahili afishi. Paul Panda Farnana, aliyezaliwa 1888 huko Bas-Congo, alipelekwa Ubelgiji akiwa mtoto, akasoma kilimo Vilvoorde na kumaliza 1907, akaendelea Nogent-sur-Marne huko Ufaransa na Mons. Mwaka wa 1909 alirudi Kongo kufanya kazi katika bustani ya mimea ya Eala. Ni agronome wetu wa kwanza mwenye diplome. Baada ya vita vya kwanza alianzisha Union Congolaise huko Brussels na akawa anadai Wakongo wasomeshwe na washirikishwe katika utawala. Magazeti ya kikoloni hayakumpenda. Alikufa 1930. Msomi anapoanza kuuliza maswali, picha yake inatolewa ukutani.

Ilikuwa hivyohivyo baada ya uhuru. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Lovanium waliandamana Kinshasa, na askari wakawapiga risasi. Juni 1971, walipotaka kuwakumbuka wenzao, chuo kilifungwa na wanafunzi wakaingizwa jeshini. Mwaka uleule vyuo vyote viliunganishwa kuwa kimoja, UNAZA. Wazazi wetu wanakumbuka televisheni ya wakati ule: habari zinaanza na uso wa Mobutu unashuka kutoka mawinguni. Hiyo nayo ilikuwa video ya kutangaza, na ilirudiwa kila jioni. Mauaji ya 1969 hayakuwa na nafasi kati ya mawingu yale.

Angalieni sasa jambo la maana kwa hadithi yetu. Wakati wa UNAZA chuo hakikuhitaji kujitangaza kwa wanafunzi. Kilikuwa kimoja, Dola ilikupangia uende Kinshasa, Lubumbashi au Kisangani, ikakupa na bursi. UNAZA ilivunjwa 1981, na uchumi ulikuwa tayari umeanguka. Huku kwetu, wazazi na makanisa waliona watoto hawawezi tena kwenda mbali: UCB ilizaliwa 1989, UEA 1991, chuo rasmi nacho kikaota mizizi mjini. Ni kazi kubwa ya watu wa Bukavu, na bila hiyo mimi nisingekuwa na lisansi. Lakini ilibadilisha mtu anayelipa. Si Dola tena, ni papa na mama. Chuo kinaishi kwa minervali, minervali inatoka kwa wanafunzi, na wanafunzi wanatafutwa. Njo maana leo kila chuo kina ofisi ya mawasiliano, na kila ofisi inataka droni.

5. Basi nikaenda kupiga video

Nilienda kwa ofisi na historia hii kichwani. Mkubwa wa ofisi ni mtu mwema, amenizidi miaka kama ishirini, ninamuita Papa Direkta. Nilimueleza kwamba kabla ya senario niko na maswali matatu. Nani atalipia kile tunachotangaza? Nini kamera haitaonyesha, ambacho mtazamaji anahitaji kujua? Na nani atatazama?

La tatu lilikuwa rahisi kuliko yote. Mtazamaji si mwanafunzi peke yake. Ni mama aliyekaa Walungu au Nyangezi, anayeonyeshwa video kwenye simu ya mtoto wake, na baada ya hapo anaamua kama anauza ng'ombe au kipande cha shamba. Ardhi ile ambayo babu aliipata kwa kalinzi, leo inauzwa kwa minervali. Ndiyo uzito wa dakika tatu za video. Posta ya 1935 ilikuwa inaomba mtu alete akiba yake. Sisi tunamwomba mama alete shamba.

Kwa hiyo niliomba mambo mawili. La kwanza: bei yote ionekane kwenye skrini. Si minervali tu, bali na yale mafrais yanayokuja nyuma: laboratwari, staji, kutetea memwari. Kila mmoja wetu anamjua mwenzake aliyesimama kwenye mwaka wa mwisho juu ya mafrais ambayo hakuna aliyemwambia mwanzoni. La pili: watu watatu waliomaliza waseme walikaa muda gani kabla ya kupata kazi, na wanafanya nini.

Papa Direkta alinyamaza kidogo. Akaniambia: "Mwana yangu, hii ni video ya kutangaza, haiko memwari."

Nikamjibu: "Ndiyo, Papa. Lakini yule mama atauza shamba mara moja tu."

Siku za kupiga picha zilikuwa kama munavyozijua. Upepo wa ziwa unaingia kwenye mikro, umeme unakatika katikati ya montaji, betri ya droni inaisha wakati mwanga umekuwa mzuri. Kila mwanafunzi aliyeonekana karibu nilimuomba ruhusa kwanza, maana sura ya mtu ni yake. Tuliacha laboratwari asubuhi moja tukaenda shambani, wanafunzi wakapiga picha na matope miguuni, na nadhani ni sehemu nzuri kuliko zote. Mwanafunzi wa agronomia anayeonekana kila mara na bluzi nyeupe tu ni kama mvuvi anayepigwa picha ofisini.

Kuhusu bei, ofisi ilikubali. Ilichukua mikutano miwili, lakini ilikubali, na jedwali lote linakaa kwenye skrini sekunde za kutosha mtu kusoma. Kuhusu wale watatu, ilikuwa ngumu. Wawili walikuwa na kazi: mmoja katika shirika la misaada kwa mkataba wa miezi sita sita, mwingine mwalimu. Wa tatu, dada mmoja wa promosio iliyonitangulia, alikaa miaka miwili bila kitu, halafu akaanza kuzalisha na kuuza mbegu za maharagwe. Leo anaishi kwa kazi yake. Ofisi ilimpenda, ila iliomba sentensi moja itolewe: ile ya miaka miwili.

Nilimpigia simu nikamuambia. Akanijibu bila hasira: "Ukitoa ile miaka, unanitoa na mimi. Ile miaka njo shule yangu ya pili." Hakukubali kuonekana bila sentensi ile, na ofisi haikukubali sentensi. Video imetoka na watu wawili. Bei iko, shamba liko, dada hayuko.

Sijui kama mutaliona hilo ni ushindi au ni kushindwa. Mimi ninaliona kama hali ya kazi yetu. Ofisi ina hofu yake, na si hofu ya uongo: ikisema ukweli peke yake, jirani yake akiendelea na droni na muziki, wanafunzi wataenda kwa jirani. Ndiyo maana jambo hili si la mtu mmoja mwenye kamera. Vyuo vyote vikikubaliana kuonyesha bei nzima, hakuna atakayepoteza. Na chama kama hiki chetu, chenye watu waliomaliza vyuo mbalimbali, ndicho kinachoweza kubisha mlango wa wakubwa na kuliomba. Sisi pia tunaweza kufanya kile ambacho ofisi inaogopa: kuhesabu wenyewe, promosio kwa promosio, nani yuko wapi baada ya mwaka mmoja, miwili, mitano, na kuweka hesabu hiyo mahali mzazi anaweza kuiona.

Neno moja la mwisho, la historia. Filamu za miaka ya 1950 zilizopigwa huku, nyingi zimehifadhiwa Ubelgiji, Tervuren na Leuven. Mtoto wa Bukavu anayetaka kuona mji wa babu yake ukitembea, itabidi aombe ruhusa mbali. Wazee walioangalia sinema za mapadri wakiwa watoto bado wako, wengine wako hapahapa Muhumba na Nguba, lakini wamepita miaka 80. Mwenye babu au bibi wa umri huo amuulize wiki hii: mulikuwa munaangalia wapi, walionyesha nini, mulicheka wapi? Rekodi kwa simu, hata sauti tu, andika jina lake kama anakubali, tarehe na mahali, na uhifadhi sehemu mbili. Watakaoniletea, nitazikusanya kwa ajili ya chama, na kopi itabaki kwa familia.